Uyoga Unaokula Sukari

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa hospitali kubwa, mume wangu Kornelio amebebwa na wachongaji wenzake kutoka karakana ya Keko, hajitambui, na mie nyuma yao nakimbia na mwanetu Adelina mgongoni. Walionisoma tangu mwanzo wanajua nimetokea wapi: nyumba yetu ya Masasi iliyoungua, mtoto wangu wa kwanza niliyemzika hata meno hajaota, na safari ya kuja Dar es Salaam kumfuata mume aliyeniambia, "Bernadeta, mabaya tumeyaacha kule."

Hatukuwa tumeyaacha.

Kornelio alizinduka siku ya pili. Daktari akatuita wote wawili.

"Una ugonjwa wa sukari," alimwambia. "Sukari imekujaa kwenye damu."

"Unapona?"

"Hauponi. Unatunzwa."

"Kwa vidonge?"

"Kwa sindano. Kila siku asubuhi, kwenye zahanati ya huko kwenu Temeke. Ndiyo maisha yako sasa."

Mume wangu alikuwa mtu wa patasi na nyundo tangu utotoni. Kipande cha mpingo alikishika kama mtu anavyoshika mkono wa mwanawe. Siku hiyo mkono ule aliuficha chini ya shuka ili nisiuone.

Sindano yenyewe haikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa zahanati.

Asubuhi zahanati ilijaa akina mama na watoto wachanga. Wanaume hawakuonekana. Na nesi, Sista Atuganile, mtu wa Tukuyu, alikuwa na moyo safi na sauti ya mnadani.

"Baba Adelina! Mgonjwa wa sukari! Njoo ugeuke!"

Pazia lenyewe lilikuwa fupi. Akina mama walicheka, si kwa ubaya. Kornelio alirudi nyumbani akakaa kizingitini, hataki chai, hataki uji.

"Nimekuwa kama hao watoto," aliniambia. "Tofauti yetu ni kwamba wao wakilia wanapewa ziwa."

"Lakini unapata nafuu, Baba Adelina."

"Nafuu gani? Najisikia vile vile."

Hapo ndipo Tunu alipoingia.

Tunu tulikuwa tumepanga naye nyumba moja, milango inatazamana, uani tunapika pamoja. Mjane wa Kilwa, mcheshi, mkarimu. Nilipofika mjini sijui hata bomba la maji liko wapi, yeye ndiye aliyenishika mkono. Adelina alimwita mama mkubwa, na usingizini alimwita yeye mara nyingi kuliko mimi.

Siku hiyo alikuja na chupa kubwa ya mdomo mpana, imefunikwa kitambaa. Akakifunua. Ndani mlikuwa na chai ya rangi, na juu yake kinaelea kitu cheupe, kinene, kama chapati iliyoloweshwa.

"Hicho nini, shoga?" nikashtuka.

"Uyoga wa chai. Mjomba kaniletea. Si anapika kwa mtaalamu mmoja wa Kirusi kule Msasani? Wenzetu kwao wanakunywa kama maji. Wazee wao wanaishi mpaka wanasahau walizaliwa lini."

"Na wewe umekunywa?"

"Nitazame!" Akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena, akipiga magoti yake makofi. "Magoti haya mvua ikinyesha nilikuwa nalia. Sasa yako wapi maumivu?"

Kornelio alikuwa kizingitini anasugua kinyago kwa msasa. Hakuinua uso.

"Mnaitengenezaje?" akauliza.

"Unachemsha majani, shemeji, unatia sukari nyingi, unaacha ipoe. Unaulaza uyoga juu, unafunika kitambaa, unaweka pembeni. Ukija kuonja baadaye imekuwa chachu kama ukwaju."

"Sukari nyingi?"

"Nyingi mno."

"Halafu inakuwa chachu?"

"Chachu."

"Sasa sukari inakwenda wapi?"

Tunu akacheka. "Inaliwa! Uyoga unakula sukari, shemeji. Ndicho chakula chake."

Msasa ukasimama. Kornelio akainua uso, akaitazama ile chupa kwa muda mrefu.

"Mama Adelina," akaniambia polepole, "mie nimejaa sukari kwenye damu. Na hapa kuna kitu kinakula sukari."

Ninyi mngejibu nini? Mie sikusoma. Nilionja chai ile nikaona kweli utamu haumo. Niliona kwa ulimi wangu kwamba sukari imeliwa.

Tunu akakata kipande cha uyoga wake, akatupatia. Bure, kwa mapenzi.

Mwaka huo ndio maduka ya watu binafsi yalipofungwa, tukawa tunapata mahitaji kwenye duka la ushirika. Sukari ilikuja kwa msimu kama kumbikumbi. Ikija, mtaa mzima unakimbia na vikapu. Na mie, ambaye daktari alinikataza nisiiweke sukari karibu na mume wangu, ndiye niliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Uyoga ulitaka kula.

Kornelio akaanza kunywa. Bilauri asubuhi, bilauri jioni, na sindano zake anachomwa kama kawaida.

Nisiwadanganye. Alipona. Au tuseme, tulimwona anapona. Kiu ilikwisha. Kwenda chooni kila mara kulikwisha. Mashavu yakarudi. Akaanza kuimba tena akichonga, zile nyimbo zetu za jandoni ambazo mwanamke hatakiwi kuzisikia, nami najifanya sisikii.

Mie pia nilikunywa. Kiungulia kilichonitesa tangu mimba ya Adelina kiliondoka. Kiliondolewa na chai au kiliondoka chenyewe, mpaka leo sijui.

Mtaa ukasikia. Watu wakaja kuomba vipande. Mwenye mgongo, mwenye presha, mwenye mume asiyelala nyumbani. Hata balozi wetu wa nyumba kumi alimtuma binti yake na kikombe. Tunu hakumnyima mtu. Uyoga ulizaa, akakata, akagawa, ukazaa tena.

Nikamwambia mume wangu, "Namshukuru Mungu, sindano zimekukubali."

Akaweka patasi chini. "Sindano? Wiki za mwanzo nilichomwa nikabaki mgonjwa. Nimeanza chai, nimepona. Hesabu hiyo huioni?"

"Daktari alisema sindano zinachukua muda."

"Daktari hajawahi kuiona chai hii."

"Basi kunywa chai, na sindano usiache. Niahidi."

"Nimekuahidi."

Kila asubuhi akawa anatoka mapema. "Napitia zahanati, halafu kazini." Nami nampa kopo lake la chakula, namtazama mpaka anakata kona.

Kisha kiu ikarudi.

Alianza kuamka kutafuta maji. Suruali ikawa inamvuka kiunoni, akaifunga kwa kamba. Nikimuuliza, anasema ni joto la karakana. Na kiu ile, mnajua aliizima kwa nini? Kwa chai ile ile. Bilauri moja ikawa mbili, mbili zikawa jagi. Akawa hana subira, anaichota kabla haijaiva, ikiwa bado tamu.

"Bado ina sukari hii, Baba Adelina!"

"Itamalizia kuila tumboni," akanijibu.

Siku moja tukasikia sukari imeingia. Nikakimbilia foleni. Mbele yangu alikuwa Sista Atuganile, na kikapu chake, amevaa khanga kama sie wengine. Akageuka, akanikumbatia.

"Mama Adelina! Mmerudi lini kutoka Masasi?"

"Masasi? Hatukwenda Masasi, Sista."

Uso wake ukabadilika. "Mumeo aliniaga. Alisema mnakwenda kwenu, atachomwa huko huko kwenye hospitali ya misheni."

"Lini?"

"Kabla ya Saba Saba. Tangu hapo sijamwona."

Saba Saba ilikuwa imepita zamani. Bendera za karatasi zilikuwa zimeshachanika kwenye kamba, mvua ya siku moja imeshazichujua rangi.

Sista Atuganile akanishika bega. "Mama Adelina, nisikilize. Huyo bwana asipochomwa atakufa. Sisemi kukutisha. Mlete kesho asubuhi, nitamchoma wa kwanza kabla watu hawajafika. Nitanyamaza kimya. Mwambie hivyo, kwamba nitanyamaza."

Alikuwa amejua. Alikuwa amejua kwa nini Kornelio alikimbia.

Nilitoka kwenye foleni bila sukari. Zahanati ilikuwa imekwisha fungwa. Nikakaa uani nikimsubiri mume wangu.

Aliporudi kutoka kazini alijua kabla sijasema. Alikaa chini ukutani kama mtu aliyetua mzigo.

"Umekutana naye," akasema.

"Nimekutana naye."

"Nilitaka nikwambie."

"Ulitaka uniambie nikiwa mjane?"

Akajifuta uso. "Bernadeta, mie nilikuwa najisikia mzima. Wewe mwenyewe uliniona. Mtu mzima kabisa anakwenda kugeuzwa mbele ya wake za watu, kwa nini?"

"Na sasa? Sasa unajisikia mzima?"

Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka pembeni.

"Naimwaga chai hii," nikasema, nikainuka.

Akanikamata mguu, palepale nilipo, mwanaume mzima amenishika kifundo cha mguu.

"Usiimwage. Nikiona imemwagwa nitajua nimekwisha. Kesho tutakwenda wote zahanati. Nitachomwa. Nitachomwa kila siku. Ila usiimwage, na usimwambie kaka Romani. Ataniita mwoga mpaka siku ya kufa kwangu."

Sikuimwaga. Sikumwambia mtu. Nilisema moyoni, kesho si mbali.

Asubuhi nilimkuta anatapika.

Alikuwa anavuta pumzi kwa nguvu, ndefu, nzito, kama mtu aliyepanda mlima, naye amelala kitandani. Chumba kizima kilinuka mananasi yaliyoiva mpaka kuharibika. Nikadhani chai imemwagika. Nikainamia mdomoni kwake. Harufu ile ilikuwa inatoka kwake.

"Baba Adelina! Amka twende! Sista anatungoja!"

Alifungua macho, akanitazama kama mtu anayetafuta jina langu.

Nikapiga kelele. Tunu akatoka mbio, hana hata khanga kichwani. Tulimpakia kwenye mkokoteni wa jirani, Tunu anasukuma nyuma, mie namshika kichwa kisigonge mbao. Barabara kuu tukasimamisha lori la mchanga. Tunu alisimama katikati ya barabara, mikono juu, lori likafunga breki karibu na tumbo lake.

"Utajiua, mama!" dereva akafoka.

"Niue, lakini mbebe huyu!"

Nataka mlikumbuke hilo mtakaposikia yaliyofuata.

Hospitali walimchukua mara moja. Daktari alikuwa yule yule. Akatutoa nje, akatuita baadaye.

"Aliacha sindano?"

"Aliacha."

"Kwa sababu gani?"

Tunu akajibu kabla yangu.

"Mie nilimletea chai ya uyoga, daktari. Inayochachuka. Nilisema inakula sukari."

Daktari hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Inaila iliyomo kwenye chupa," akasema. "Na haiimalizi yote. Iliyomo kwenye damu haiigusi."

"Kwa hiyo ni sumu?" Tunu akauliza.

"Si sumu. Ikitengenezwa kwa usafi, mtu mzima akinywa kikombe sioni itamfanya nini. Kama ina faida, mie sijui, na mnaowasikia wanasema wanajua, waulizeni wamejuaje. Ninachojua ni kwamba si dawa ya mgonjwa huyu. Dawa yake ni aliyoiacha."

"Lakini magoti yangu," Tunu akasema kwa sauti ndogo, kama mtoto. "Magoti yangu yalipona, daktari."

"Pengine. Pengine mvua ziliacha kunyesha."

Walimchoma, wakamtia maji mshipani. Siku ya pili yake, saa za kuona wagonjwa, alifumbua macho akanijua. Nikasema moyoni, Mungu ameniona.

"Mama Adelina."

"Abee."

"Umeufunika?"

"Nini, mume wangu?"

"Uyoga. Inzi wataingia."

"Nimeufunika," nikamwambia. Sikuwa nimeufunika. Sikuwa nimerudi nyumbani tangu tumlete.

Akatikisa kichwa, ameridhika. Akafumba macho. Nilikaa pale nikimpepea kwa upindo wa khanga mpaka nesi alipokuja, akanishika mkono taratibu, akaniambia niache kupepea.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjane.

Romani, kaka yake Kornelio, alikuja kutoka Mtoni na ukoo mzima wa watu wetu wa kusini. Mtu mrefu, mkimya, aliyemlea Kornelio baba yao alipofariki. Hakulia. Alichimba kaburi mwenyewe, akakataa kupokewa jembe.

Tulipotoka makaburini, watu wamekaa mikekani uani, akaingia chumbani kwetu kutafuta nguo za marehemu. Akakaa ndani. Alipotoka alikuwa ameshika ile chupa.

Uyoga ulikuwa umenenepa. Siku zote hizo hakuna aliyeugusa, ulikuwa umejaa mdomo mzima wa chupa, na inzi juu yake.

"Hiki nini?" akaniuliza mbele za watu.

"Chai, shemeji."

Akatia mkono, akautoa, ukamning'inia vidoleni unachuruzika. Wanawake wakaguna.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinamla mdogo wangu! Nani alikileta?"

Macho yote yaligeukia jikoni, alipokuwa Tunu, mbele ya sufuria la msiba, anawapikia wali.

Mnajua watu walivyo. Wale wale waliokuja na vikombe sasa walikuwa hawajawahi hata kuonja.

"Mie nilimwambia tangu mwanzo," akasema mmoja, "kitu kinaelea, hakina jina!"

"Anatuua mmoja mmoja," akasema mwingine, ambaye wiki ile ile alichukua kipande cha pili.

Waliingia chumbani kwa Tunu. Nilisikia chupa zikipasuka, moja, nyingine, nyingine. Chai ikatoka chini ya mlango, ikapita uani mpaka kwenye mikeka ya msiba. Tunu alisimama na mwiko mkononi.

"Nilimpa kwa kumpenda," alikuwa anasema. "Mwulizeni Mama Adelina. Shoga, sema. Sema wewe."

Na mie sikusema.

Niliketi mkekani nimejifunika khanga nyeusi, mdomo wangu umeziba. Nilikuwa na hasira naye. Mpaka kesho nikikumbuka yale maneno yake, "Inaliwa, shemeji," akicheka, kuna mahali panawaka moto. Kama asingecheka vile, pengine mume wangu angekuwa hai. Nikaacha wamchukue.

Balozi alipeleka habari kituoni. Polisi wawili wakaja, wakamwondoa Tunu na harufu ya vitunguu mikononi.

Siku iliyofuata Adelina hakula.

"Mama mkubwa yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Hajasafiri. Khanga zake zipo kwenye kamba. Walimvuta." Akanitazama. "Wewe uliona, mama. Wewe ulikuwa umekaa."

Nilivaa, nikamshika mkono, tukaenda kituoni.

Romani alikuwa kaunta tayari, amekuja kuandikisha maelezo. Alinipisha nikae, akadhani nimekuja kumsaidia. Sajini alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya upole.

"Pole na msiba, mama. Shemeji yako anasema marehemu alilishwa sumu."

"Hakulishwa sumu," nikasema.

Romani akageuka. "Shemeji, unasema nini?"

"Nasema kweli. Kornelio aliacha sindano. Nesi alimwambia, daktari alimwambia, mie nilimwambia. Alimdanganya nesi kwamba anakwenda Masasi. Hata Tunu hakujua. Yeye alimpa chai akijua bado anachomwa. Wote mtaani tumekunywa chai hiyo. Mie nimekunywa. Mwanangu amekunywa. Balozi amekunywa."

"Mdogo wangu hakuwa mwoga wa sindano!" Romani akapiga kaunta. "Yule aliumwa na nyoka akajichanja mwenyewe!"

"Hakuogopa kuumia, shemeji. Aliogopa kuchekwa. Aliogopa wewe umcheke."

Kwa mara ya kwanza tangu kifo nikaona macho ya Romani yamejaa machozi. Nikasema basi, tumefika mwisho wake. Atalia, atamsamehe Tunu, twende nyumbani.

Sajini akamwita askari. "Mlete yule mama."

Wakamtoa Tunu. Nywele zimefumuka, miguu mitupu, gauni lina madoa ya chai. Adelina akamkimbilia, akamkumbatia mapajani. Tunu alinitazama juu ya kichwa cha mtoto. Alitikisa kichwa tu, kidogo, kama mtu anayekubali deni limelipwa nusu.

"Wewe nenda," sajini akamwambia. "Usitoke nje ya mji."

Kisha akanigeukia mie. Sauti yake bado ilikuwa ya upole.

"Mama, ulijua lini kwamba mumeo ameacha sindano?"

"Siku moja kabla hajazidiwa."

"Alikuwa na hali gani siku hiyo?"

"Mbaya. Amekonda, ana kiu."

"Na nesi alishakwambia kwamba asipochomwa atakufa?"

"Alinambia."

"Ulimwambia nani? Shemeji yako? Balozi? Jirani?"

Nikamtazama Romani. Macho yale yaliyokuwa yamejaa yalikuwa yamekauka tayari.

"Sikumwambia mtu," nikasema. "Aliniomba nisiseme."

"Na chai iliyokuwemo ndani ulifanya nini?"

"Aliniomba nisiimwage."

"Kwa hiyo ulijua," Romani akasema. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. "Ulilala naye kitanda kimoja, unajua anakufa, ukanyamaza. Mie niko Mtoni hapo, mwendo wa kutembea. Ningembeba mgongoni. Bernadeta, ningembeba mgongoni."

Nilitaka kumwambia kwamba ilikuwa jioni, kwamba zahanati ilifungwa, kwamba kesho haikuwa mbali.

Sajini alimnong'oneza askari kitu. Askari akafungua kijilango cha kaunta.

"Mama, utakaa na sie kidogo," sajini akasema, "mpaka mkubwa wangu aje akusikilize. Vua viatu, uache hapo."

"Mie nimekuja kumtoa mtu, afande."

"Najua. Vua viatu."

Nikavua. Sakafu ilikuwa baridi. Askari akaniwekea mkono begani.

"Na mtoto?" sajini akauliza. "Anakwenda na nani?"

"Ni mtoto wa ukoo wetu," Romani akasema, akanyoosha mkono. "Adelina, njoo kwa baba mkubwa."

Adelina alizidi kujificha kwenye gauni la Tunu. Tunu alikuwa amemshika kichwa, hasogei. Ananingoja mie, kama alivyoningoja siku ile na mwiko mkononi.

Kulia kwangu yuko kaka wa mume wangu, aliyemzika kwa mikono yake. Kushoto kwangu yuko mwanamke aliyetuletea ile chupa.

"Mama, sema," sajini akasema. "Anakwenda na nani?"

Safari hii sikunyamaza. "Na Tunu," nikasema.

Romani akaruka. Alimkamata mtoto mkono mmoja, Tunu akashika mwingine, Adelina akapiga yowe. Nikajitupa mbele, lakini askari alikuwa ameshanikumbatia kiunoni, ananirudisha nyuma, kijilango kinafungwa, na nyuma yake mlango wa pili, wa chuma.

Niliposimama kwenye giza lile, bado nilikuwa namsikia mwanangu analia. Kilio kikatoka nje ya kituo, kikawa mbali, kikawa mbali zaidi.

Sikuona alikuwa mikononi mwa nani.